Mkilua wajulikana Ulaya, shuleni kwetu hautambulikani

Msafiri avukaye Likoni na kushika njia ya kwenda Lunga Lunga hana budi kuvutiwa na maua. Kuanzia Tiwi hadi Diani, na kutoka Ukunda hadi Msambweni, kuta za hoteli na nyua za shule zimefunikwa na bogenvilia za kila rangi, nyeupe, nyekundu na za zambarau. Ni maua mazuri, sikatai. Lakini bogenvilia ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini. Asumini tunayoitungia mashairi ilitufikia kutoka Asia, na lile ua la waridi-jeupe lenye petali tano, ambalo watoto wa pwani hulidhania kuwa la kwao kwa sababu huota hata kwenye mchanga wa makaburini, asili yake ni Bukini. Yafaa basi tujiulize: maua ya Kwale yenyewe yako wapi?

Masika yaliyopita nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya msingi katika sehemu hizo. Nilipowasili niliwakuta wanafunzi wa darasa la juu wakifyeka uwanja, kwa kuwa wakaguzi walitarajiwa siku ya pili yake. Kwenye ua wa seng'enge, upande wa choo, palikuwa na mmea mwembamba uliojizongazonga kwenye waya, ncha za majani yake zimejikunja kama vidole vya mtoto anayeshika kamba. Ulikuwa umechanua. Petali zake, nyekundu zenye kingo za manjano, zilikuwa zimepinda kwenda juu mfano wa ndimi za moto. Wataalamu huuita Gloriosa superba, na nchi ya Zimbabwe imelifanya ua hilo kuwa ua lake la taifa. Nilimwuliza kijana aliyeshika fyekeo kama anajua jina lake kwa Kidigo au kwa Kiswahili. Alinijibu kwa adabu, "Ni magugu tu, mwalimu." Kufikia saa za chakula magugu hayo yalikuwa yamelala chini, na mahali pake pamewekwa vyungu vitatu vya bogenvilia vilivyonunuliwa kando ya barabara.

Simlaumu kijana huyo, wala simlaumu sana mwalimu wake. Wote wawili wamefundishwa, kama nilivyofundishwa mimi, kwamba ua ni kile kinachouzwa, na kwamba kinachoota chenyewe ni uchafu. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Sisi mbachao hatukuuacha tu, bali tumeufyeka.

Hebu nitoe mfano unaonikera kuliko yote. Upo mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania uitwao mkilua. Ua lake ni kilua, na si ua la kushangaza macho. Sifa yake ni harufu. Tangu zama za mabibi zetu, wanawake wa pwani wameyatia maua hayo katika vikuba, wakayaweka nyweleni na baina ya nguo. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt, aliyepata kufanya kazi Nairobi kabla ya kuhamia bustani ya Kew huko London, alithibitisha kwamba mti huu haufanani vya kutosha na mwingine wowote katika jamaa yake, ijapokuwa ni nduguye mstafeli, mtopetope na mlangilangi. Aliufanyia jenasi yake peke yake. Jina alilolichagua halikuwa la Kilatini, wala la mfalme, wala la rafiki yake. Aliuita Mkilua, na neno la pili, fragrans, maana yake ni wenye kunukia. Hivyo basi, mwanachuo wa Berlin au wa Tokyo anayetaka kuutaja mti huu kitaalamu analazimika kusema neno la Kiswahili.

Sasa mwulize mwanafunzi wa kidato cha pili hapa Kwale kilua ni nini. Mwalimu wa fasihi humfundisha neno hilo kwa kumsomea maana katika kamusi: ua lenye harufu nzuri. Maelezo hayo yaweza kuwa ya maua elfu moja. Ataliandika daftarini, atalikariri, atafaulu mtihani, na huenda akamaliza shule pasi na kulinusa hata mara moja, ilhali msitu uko karibu. Twalalamika kila mwaka kwamba wanafunzi hawayaelewi mashairi ya kale. Watayaelewaje, iwapo vitu vilivyotajwa humo tumeviacha vitoweke nje ya darasa, tukabaki na majina yake matupu ubaoni?

Wenzetu wa mbali hawakulala. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani huko Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota vimea vidogo vyenye maua ya rangi ya urujuani vilivyoota penye kivuli, akampelekea babake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, Hannover, alivipa jina la Saintpaulia. Leo vizalia vyake huuzwa kwa mamilioni katika vyungu Ulaya na Marekani, na wapo watu huko waliounda vyama kwa ajili ya ua hilo pekee. Jamaa zake wa porini wangali wamebanwa katika vipande vya misitu ya Usambara, milima ya Taita na majabali ya Kaloleni, na kila mwamba unapopigwa na jua baada ya miti kukatwa, hufa. Si ajabu mtalii akalitambua ua hilo kabla ya mwenyeji.

Najua kuna watakaosema kwamba mwalimu mwenye wanafunzi sabini darasani, na tangi la maji lisilojaa, hana nafasi ya kuhangaikia maua. Hoja hiyo ina uzito. Lakini maji hayo hayo tayari yanamwagiwa bogenvilia. Aidha, tangu Desemba 2022 serikali imetangaza azma ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na shule ziko mstari wa mbele katika kazi hiyo. Kinachohesabiwa ni idadi. Ni mti gani, hapana anayeuliza. Tumepanda mwarobaini kila pembe, na ingawa nautambua kwa tiba zake, nao pia ni mgeni kutoka bara Hindi, na pwani yetu umekwisha ingia misituni na kusongamana na miti ya wenyeji. Lantana, iliyoletwa kupamba nyua, imefanya vibaya zaidi. Kupanda si jambo jema kila mara. Hutegemea kilichopandwa, na mahali palipopandwa.

Tena hatari si kwetu sisi walimu tu. Kilima cha Mrima, ndani ya kaunti hii hii, kina msitu wenye mimea adimu, miongoni mwayo Gigasiphon macrosiphon, mti wa maua meupe makubwa usioonekana ila katika misitu michache ya Kenya na Tanzania. Chini ya msitu huo yamo madini, na leseni ya uchimbaji iliyofutwa na serikali mwaka 2013 ilizua kesi iliyofika hadi mahakama ya usuluhishi ya kimataifa. Siku mjadala wa namna hiyo utakaporejea, ni nani atakayeutetea msitu, ikiwa vijana wa Kwale waujua kama pori tu?

Hata hivyo, nisije nikafahamika vibaya: sisemi walimu wachukue majembe waingie msituni. Hilo nililifanya mimi. Miaka kadhaa iliyopita niling'oa mche wa mkilua uliofika gotini, nikautia mbele ya nyumba yangu kwenye jua kali, nikaumwagilia asubuhi na jioni kwa bidii ya mjinga. Haukumaliza wiki tatu. Nilikuwa nimeukata mzizi mkuu na kuunyima kivuli ulichokizoea, na msitu ulikuwa umepungukiwa na mche mmoja bila faida ya mtu yeyote. Wazee wa kaya walijua zamani ambayo mimi nilijifunza kwa hasara. Katika Kaya Kinondo, mojawapo ya kaya zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 2008, mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia, na haruhusiwi kutoka na kitu, hata kijiti. Na jamii ya okidi, ambayo Shimba Hills inayo ya kila namna, biashara yake baina ya mataifa hudhibitiwa na mkataba wa CITES wa mwaka 1973.

Njia iliyo halali ni mbegu, tena kwa idhini. Iko miche inayooteshwa tayari: shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa Diani mwaka 1997 kuwatunza mbega, huotesha miti ya asili, na kitengo cha misitu ya pwani cha Makumbusho ya Taifa kimeshughulikia kaya tangu mwaka 1992. Mbegu za miti ya msituni ya jamaa ya mstafeli ni busara kuzipanda zingali mbichi, kwa kuwa nyingi za aina hiyo hazistahimili kukaushwa na kuwekwa kabatini kama mahindi. Ziwekwe kivulini, chini ya mwembe au mkanju wa shule, katika udongo uliochanganywa na majani yaliyooza, na miche ihamishwe mvua zinapoanza, si wakati wa kaskazi. Wanafunzi waandike tarehe ya kupanda, ya kuchipua, na ya ua la kwanza, ijapokuwa huenda ua hilo likaja baada ya wao kuhitimu. Mtaala wa umilisi unataka mwanafunzi atende na kuchunguza. Hapa pana la kutenda na la kuchunguza, kwa gharama ya debe bovu na subira.

Tahadhari moja kwa walimu wa watoto wadogo. Lile ua la ndimi za moto nililolitaja lina sumu kali, hasa katika kiazi chake, na lisipandwe mahali ambapo wadogo huchimba na kuonja kila kitu. Liachwe kwenye ua wa mbali, na watoto waambiwe kwa nini.

Kiazi hicho ndicho kinachonipa tumaini kuhusu shule niliyoitembelea. Mmea ule hufa juu kila kiangazi hata bila fyekeo, ukalala chini ya ardhi, kisha ukachipua tena mvua zinaporudi. Nimemwandikia mwalimu mkuu kumwomba aache hatua mbili za ua wa seng'enge, upande wa choo, zisifyekwe hadi masika yapite. Amenijibu kwamba atalifikisha suala hilo kwa kamati.