Upimaji wa Neva na Misuli Uanzie Zahanati

Mgonjwa anapoketi mbele ya tabibu na kusema, "Mishipa inanisumbua," bado hajataja ugonjwa wowote. Katika Kiswahili chetu, mshipa ni jina la vitu vingi: njia ya damu, kano inayokunja kidole, neva inayopeleka hisia, na kwa wengine hata ngiri. Tabibu asipouliza zaidi, neno hilo moja litaandikwa kwenye barua ya rufaa, na mgonjwa atasafiri nalo hadi hospitali kubwa, ambako ataulizwa upya yale yote ambayo angeweza kuulizwa karibu na nyumbani kwake.

Naandika nikiufikiria mji wa Ihumwa. Uko kando ya barabara kuu ya kwenda Morogoro, jirani na Mji wa Serikali wa Mtumba, na wakazi wake ni wakulima wa mtama na uwele, mafundi ujenzi, madereva na wapagazi. Watu hawa huishi kwa nguvu za mikono na miguu yao. Ganzi ya vidole au udhaifu wa mguu huwapokonya riziki kabla haujawapokonya afya. Ndiyo maana nashika msimamo kwamba upimaji wa neva na misuli hauna budi kuanzia zahanati, kwa macho, maswali na mikono ya mhudumu, na kwamba mashine inapaswa kuja baadaye, kujibu swali lililokwisha kuulizwa vizuri.

Kwanza tuielewe mashine yenyewe. Kipimo chake kina sehemu mbili. Katika ya kwanza, vibandiko huwekwa juu ya ngozi, neva husisimuliwa kwa umeme mdogo, na mashine hupima kasi na nguvu ya ishara. Kwa mtu mzima mwenye afya, kasi hiyo katika mkono huwa takriban mita 50 kwa sekunde au zaidi, na katika mguu mita 40 au zaidi. Katika sehemu ya pili, sindano nyembamba huingizwa ndani ya msuli ili kusikiliza umeme wake ukiwa umetulia na unapokazwa. Kwa pamoja, sehemu hizi husaidia kutofautisha ugonjwa wa neva na ugonjwa wa msuli, na kuonyesha ni neva ipi imeumia, mahali gani na kwa kiasi gani.

Hata hivyo kipimo hiki kina mipaka. Hupima nyuzi kubwa za neva, wala hakizioni nyuzi nyembamba zinazobeba maumivu na joto. Mgonjwa wa kisukari ambaye nyayo zinamwaka moto usiku anaweza kupata majibu yasiyo na kasoro. Hakipimi ubongo wala uti wa mgongo, kwa hiyo aliyepooza kwa kiharusi hapaswi kuanzia hapo. Mkono wa baridi huchelewesha ishara, na asubuhi za Juni na Julai hapa Dodoma zatosha kumpotosha mpimaji asiyempasha mgonjwa joto kwanza. Tena, mabadiliko yanayoonekana kwa sindano huchukua wiki mbili hadi tatu tangu neva ilipoumia.

Tuchukue mfano wa fundi aliyelala usingizi mzito akiwa ameulalia mkono wake, akaamka kiganja kimelegea na hawezi kukiinua. Akipelekwa kwenye mashine siku ya pili, huenda akaambiwa machache kuliko yale ambayo mhudumu makini angeyaona kwa dakika 10: uso haujapinda, maneno hayajalegea, mguu una nguvu, udhaifu umo katika kuinua kiganja na vidole tu, na ganzi iko mgongoni mwa mkono upande wa kidole gumba. Hii ni picha ya neva iliyobanwa, na nyingi za namna hii hupona ndani ya wiki au miezi. Anachohitaji ni kiganja kitegemezwe, aelezwe jambo lenyewe, na apangiwe tarehe ya kurudi. Asipopata nafuu, hapo rufaa ya kipimo itakuwa na maana.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kuusifu umaskini wa vifaa. Nawajibu kwa mfano wa jirani. Kutoka Ihumwa ipo njia ya kwenda Hombolo, mahali ambapo kwa miaka mingi watu wenye ukoma walipata matunzo. Tanzania ilifikia mwaka 2006 lengo la kupunguza ukoma hadi chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000, lakini ugonjwa wenyewe haujaisha. Ukoma ni ugonjwa wa neva, na hutambuliwa kwa mkono: mhudumu hugusa baka la ngozi kwa pamba na kuuliza kama mgonjwa anahisi, hupapasa neva nyuma ya kiwiko, kando ya goti na kwenye kifundo cha mguu, akitafuta iliyonenepa au inayouma, kisha humtaka mgonjwa afumbe macho kwa nguvu, atanue kidole kidogo na kuinua wayo. Dawa hutolewa bure kwa miezi 6 au 12 kulingana na aina. Mhudumu asiyepapasa neva atakosa ugonjwa unaotibika, na mgonjwa atalipa kwa vidole vyake.

Lipo jambo la pili, nalo ni la haraka. Kwa mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea mguu au mkono ghafla, kipimo kisichopaswa kukosekana ni choo chake. Sampuli mbili huchukuliwa zikipishana kwa saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu ulegevu uanze, na kupelekwa maabara zikiwa katika baridi. Tusidhani polio imekuwa hadithi ya kale: mwaka 2022 kirusi chake cha asili kilithibitishwa kwa jirani zetu Malawi, na mwaka 2023 mkoa wa Rukwa ulipata kisa cha kirusi cha polio cha aina inayotokana na chanjo, ambacho huenea pale ambapo watoto wengi hawajachanjwa. Mtoto wa namna hii aripotiwe siku hiyohiyo.

Naye mtu mzima ambaye udhaifu wake ulianzia miguuni na unapanda juu siku hadi siku asisubiri foleni ya kipimo chochote. Gonga magoti yake kwa nyundo. Mwambie avute pumzi na kuhesabu kwa sauti bila kupumua tena. Akishindwa kufika 20, au akianza kupaliwa na mate, apelekwe mara moja kwenye hospitali yenye uwezo wa kumsaidia kupumua. Katika wiki ya kwanza ya ugonjwa huo mashine yenyewe inaweza isionyeshe kasoro, na jibu zuri la karatasi lisimtulize mtu ambaye pumzi yake inakatika.

Ombi langu kwa wahudumu ni dogo. Kila zahanati iwe na nyundo ya kupimia goti, pamba, na uzi wa nailoni wa gramu 10 wa kupimia hisia za nyayo. Kila barua ya rufaa ijibu mambo manne: tatizo lilianza lini, liko wapi hasa, ni ganzi au udhaifu au yote mawili, na tunataka kipimo kitujibu swali gani. Iongezwe orodha ya dawa na magonjwa mengine, kwa maana kisukari, pombe, virusi vya UKIMWI na dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi vyote vinaweza kuumiza neva.

Nanyi wagonjwa, msimdharau tabibu anayewapapasa na kuwauliza mengi kabla ya kuwaandikia kipimo. Huko ndiko kupimwa. Mkipelekwa kwenye mashine, msipake mafuta siku hiyo, na semeni mapema ikiwa mnatumia dawa za kuzuia damu kuganda au mna kifaa cha moyo mwilini. Mtasikia mishtuko midogo na mchomo wa sindano, na maumivu yake hupita. Umeme huo hautibu; hupima tu. Muulizeni aliyewatuma: "Majibu haya yatabadilisha nini katika matibabu yangu?" Mhudumu aliyekwisha kumpima mgonjwa wake kwa mikono atakuwa na jibu. Asiye nalo na amrudishe mgonjwa kitini, aanze upya pale neno "mishipa" lilipotamkwa.