Mali bila daftari

Mwaka jana wanafunzi watatu wa kitivo hiki tuliweka pamoja falanga 500,000 ili tuchapishe kijitabu cha methali na vitendawili tulivyokusanya kwa wazee wetu. Mimi ni mmoja wa hao watatu. Zilitoka nakala 200. Kila nakala ilitugharimu falanga 2,500, nasi tukaiuza 5,000. Sanduku la makuta tulimkabidhi mwenzetu mmoja, kwa sababu ndiye mtulivu kuliko sisi wawili. Mwezi wa Desemba tulipolifungua tulikuta falanga 310,000. Nikamwambia mbele ya watu: "Ndugu, zile 190,000 umezila."

Hakuzila. Leo naandika kwanza ili hilo lijulikane kwa wale walionisikia siku ile. Pili, naandika kwa sababu naona kosa letu si la watu watatu tu. Katika kitivo hiki tunafundishwa kuandika, kusahihisha na kuhakiki. Wengi wetu tunachapisha wenyewe: diwani ndogo, tamthilia, vitabu vya hadithi za watoto. Lakini mwaka unapokwisha hakuna anayejua kufunga hesabu ya kitabu chake. Tunaona hiyo ni kazi ya watu wa uchumi. Mimi nasema ni kazi ya mwandishi, na kwa sehemu ni kazi ya kitivo cha lugha.

Kwanza niwaeleze makuta yalikuwa wapi. Tulikaa jioni mbili, tukasoma ujumbe wa simu mmoja baada ya mwingine, tukahesabu nakala. Tulikuta nakala 90 zimeuzwa kwa makuta taslimu, yaani falanga 450,000. Nakala 25 wamechukua wanafunzi kwa deni. Nakala 40 ziko kwa mama mmoja mwenye duka la vitabu, ambaye atatulipa akishaziuza. Nakala 15 tuligawa bure kwa walimu na kwa wazee waliotupa methali. Nakala 30 zilikuwa bado chini ya kitanda changu. Jumla ni 200, haikupotea hata moja.

Na katika zile 450,000 tulitumia 140,000 bila kuandika: 60,000 za usafiri wa kwenda kuuza shuleni, 35,000 za vinywaji siku ya uzinduzi, na 45,000 ambazo mimi mwenyewe nilimpa mtu aliyesema ni mtoza ushuru. Hakunipa karatasi, wala sikuiomba. Toa 140,000 katika 450,000: zinabaki 310,000. Sanduku lilikuwa sawa kabisa.

Tena hatukupata hasara. Ukijumlisha falanga 310,000 za sandukuni, madeni ya 125,000, na nakala 70 zilizobaki kwa gharama ya kuzichapa, yaani 175,000, unapata 610,000. Tulianza na 500,000, kwa hiyo tumepata faida ya 110,000. Sisi tulikuwa tunagombana kama watu walioibiwa, kumbe kitabu kilikuwa kimetulipa. Na katika kijitabu hicho hicho, ukurasa wa 12, tulichapa methali hii: mali bila daftari hupotea bila habari. Tuliisahihisha mara tatu, tukabishana juu ya herufi zake, lakini hatukuitii.

Mtu atasema: nakala 200 ni kitu gani? Mwandishi mdogo afadhali akae kimya, maana akijionyesha kodi itammaliza. Ninaelewa hofu hiyo. Anayeuza kitu mjini anajua jinsi watoza ushuru wanavyofuatana, kila mmoja na karatasi yake, na mwingine bila karatasi. Lakini mimi nililipa 45,000 kwa kuwa sikuwa na cha kuonyesha. Asiye na maandishi hulipa kadiri anavyoambiwa. Tuchukue mfano wetu. Mwaka 2013 serikali iliweka utaratibu wa kodi wa biashara ndogo uliopima mtu kwa mauzo yake ya mwaka. Mauzo yetu yalikuwa nakala 115, yaani falanga 575,000. Kama afisa angetukuta na ankara ya mpiga chapa peke yake, angekuwa na haki ya kudhani tumeuza zote 200, yaani 1,000,000. Tofauti hiyo ya 425,000 inatetewa na daftari tu. Viwango vyenyewe hubadilishwa na sheria za fedha za kila mwaka, kwa hiyo ni vema kuuliza katika ofisi ya DGI kabla ya kutoa tamko. Lakini hata ukipewa kiwango kizuri namna gani, utakizidisha kwa nini kama hujui uliuza ngapi?

Sheria yenyewe haitudai mambo makubwa. Nchi yetu iliingia katika OHADA mwaka 2012. Sheria ya pamoja ya biashara ya OHADA, iliyorekebishwa mwaka 2010, inamtambua mtu anayefanya kazi ndogo kwa jina lake mwenyewe baada ya kutoa tamko tu, ambaye Kifaransa kinamwita "entreprenant". Huyo anatakiwa kuwa na kitabu kimoja anachoandika siku kwa siku: makuta yametoka wapi, ni kiasi gani, ni taslimu au kwa njia nyingine, na yameenda wapi. Kitabu hicho kitunzwe angalau miaka mitano. Ni daftari la shule lenye safu chache.

Kwetu sisi wa vitabu ningeongeza mambo matatu. La kwanza, tarehe 31 Desemba hesabu nakala kwa mkono, moja moja, na uziandike kwa makundi: zilizouzwa, zilizokopeshwa, zilizo dukani, zilizogawiwa, zilizobaki. Nakala iliyo dukani bado ni yako, haijauzwa. La pili, kama mpiga chapa amekutajia bei kwa dola nawe unauza kwa falanga, andika kiwango cha kubadilisha cha siku ile ulipolipa. Usipofanya hivyo, faida yako itakuwa ya kubahatisha. La tatu, kila malipo yawe na stakabadhi, na asiyetoa stakabadhi aandikwe jina la kazi yake, siku na mahali.

Sasa nafika kwenye jambo linalotuhusu sisi wa lugha. Sheria ya OHADA ya uhasibu inataka hesabu za biashara ziandikwe kwa lugha rasmi ya nchi. Katiba yetu ya mwaka 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Chiluba kuwa lugha za taifa. Kwa hiyo mwandishi wa Kiswahili hutunga kwa lugha moja na kuhesabu kwa nyingine. Mama mwenye duka, mzee aliyetupa methali, hata mshika sanduku, wote walizungumza nasi habari za makuta kwa Kiswahili. Ndiyo maana hakuna aliyeandika: tulidhani hesabu ni kitu cha Kifaransa, cha wataalamu, cha siku nyingine.

Lakini Kiswahili hakikosi maneno ya hesabu. Kilifika huku katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara, ile iliyobeba pembe na shaba na, kwa aibu yake, watu. Hesabu, daftari, faida, hasara, deni: maneno haya yana asili ya Kiarabu, na yamekuwa yetu zamani. Hata "makuta" tunayotaja kila siku ni kumbukumbu ya sarafu ya mwaka 1967. Tunachokosa ni makubaliano. Mmoja anasema "fakitire", mwingine "ankara". Mmoja anasema "patanti", mwingine "kodi", ingawa si kitu kimoja. Katika vitabu vya Tanzania na Kenya maneno mengi yamekwisha kuwekwa, lakini sheria zao si zetu, na neno likihama bila sheria yake linaweza kumpotosha mtu.

Basi naomba mambo mawili kwa walimu wetu. Wakubali kwamba orodha ya istilahi za hesabu, Kifaransa na Kiswahili, yenye maana za sheria zetu wenyewe, ni mada halali ya kazi ya mwisho wa masomo. Na kila mwezi wa Novemba, watuitie mwenzao mmoja wa kitivo cha uchumi kwa saa mbili, aje na daftari, aonyeshe jinsi ya kufunga mwaka. Daftari la siku kwa siku tuliandike kwa Kiswahili ili wote waliotoa makuta walisome. Muhtasari wa mwisho wa mwaka tuutafsiri kwa Kifaransa kwa ajili ya ofisi. Kutafsiri si ndiyo kazi yetu?

Wengine wataniambia sanaa na hesabu havikai nyumba moja. Mimi nimeona kilichotokea vilipotengana: kitabu kizuri kilishindwa kuchapwa mara ya pili, na ndugu yangu hakupita karibu nami kwa wiki sita. Nilikwenda kwao kumwomba radhi, akanisamehe, kisha akaweka sharti moja. Sanduku la mwaka huu ananishikisha mimi, na daftari analiandika yeye.