Muuza nyanya wa Nzuguni ana akili kuliko mwenye loji

Wadau, hebu tuulizane. Chumba cha loji kikilala bila mgeni leo, kesho mwenye nacho atauza vipi ule usiku wa jana? Hauuziki. Umekwenda na maji. Mama anayeuza nyanya pale soko la Job Ndugai hahitaji kufundishwa hili. Jua likizama anaongeza fungu, anashusha bei, anarudi kwake na hela badala ya kurudi na tenga la nyanya zinazooza.

Wenzetu wamejenga biashara kubwa juu ya akili hiyo hiyo. Waingereza walianzisha lastminute.com mwaka 1998. Wamarekani wakaja na HotelTonight mwaka 2010, Airbnb wakainunua mwaka 2019. Kinachouzwa ni chumba kilichobaki, usiku huu huu, kwa bei ya chini, na mara nyingi ni hoteli yenye sura yake. Hata Zanzibar, masika ikianza na wageni wakapungua, hoteli nyingi zinashusha bei, zikiwemo zile za Mji Mkongwe zilizomo ndani ya majumba ya kale.

Sasa njoo Nzuguni. Stendi kuu ya mabasi ipo hapa. Viwanja vya Nanenane vipo hapa, na mwaka 2024 sherehe zenyewe zilifanyika hapa kitaifa. Agosti bei inapaa, na Bunge la bajeti likianza Aprili inapaa mji mzima mpaka Juni. Sawa, vyumba vimejaa, mwenye mali ana haki yake. Ugomvi wangu ni Machi na Oktoba, Bunge likiwa limeahirishwa na loji zimenuna kama shule wakati wa likizo, lakini bei imekaa pale pale!

Nimewahi kushuka basi saa nne usiku, nikaingia gesti moja (jina nalihifadhi). Ubao wa funguo nyuma ya dada wa mapokezi umejaa funguo. Nikaomba punguzo. "Bei ni elfu hamsini, kaka, haipungui." Nikalipa. Ndipo akaniuliza kwa upole kabisa, "Risiti tukuandikie ngapi?"

Jamani! Bei haiwezi kushuka, ila karatasi inaweza kupanda.

Swali lile ndilo linaloeleza kila kitu. Mgeni anayetegemewa na loji za Dodoma halipi kutoka mfukoni mwake. Amekuja kwenye semina, warsha, kikao cha wizara, na posho yake imeshapangwa. Waandishi wenzangu wamo pia, tusijifanye malaika. Mtu wa posho habishani bei, anataka risiti. Kwa hiyo anayeumia ni mwanafunzi, mkulima wa Kongwa aliyeleta alizeti zake kwenye maonyesho, na yule dada anayefuatilia kiwanja kwa nauli ya kukopa.

Na mteja asiyejali bei hajali pia analala wapi. Ndiyo maana ukiingia loji kumi umeingia moja: vigae vinavyoteleza, dari ya jipsamu yenye taa za bluu, pazia zito la kahawia, asubuhi mkate na soseji moja iliyokonda. Hakuna hata kimoja kinachokuambia uko Ugogoni. Wakati Wagogo walishamaliza kazi hiyo zamani: tembe, nyumba ndefu ya miti na udongo, paa bapa lililofunikwa udongo, ua katikati. Mchana wa Oktoba ndani kuna ubaridi, usiku wa Julai upepo unapita juu kwa juu. Jenga vyumba kumi vya namna hiyo, weka choo safi na neti, pika mlenda na ugali wa uwele, mzee apige zeze jioni. Mimi nitalala hapo hata bila risiti. Lakini anayejenga anaogopa aonekane mshamba, basi anakwenda kununua jipsamu.

Mpaka apatikane wa kuthubutu, ninyi mnaolipa hela yenu wenyewe pigeni simu mapokezi baada ya saa mbili usiku, miezi ambayo Bunge halipo. Ombeni kuongea na mwenye loji, si mhudumu, maana mhudumu hana mamlaka ya kupunguza. Mwambieni hamtaki risiti ya uongo, mnataka bei ya kweli. Mwezi Machi mmoja alinijibu, "Thelathini na tano, ila uje sasa hivi kabla sijafunga geti." Nikachukua bodaboda.