Kijana Asomaye Wicca Peke Yake

Ndugu mzazi ukaaye Uingereza, ikiwa binti yako ameanza kusoma habari za Wicca peke yake chumbani, usikimbilie kumnyang'anya vitabu. Vitazame kwanza. Jina la uchawi lisikutishe: kwetu mchawi ni mdhuru watu, ilhali Wicca ni dini iliyotangazwa na Mwingereza Gerald Gardner katika kitabu chake cha mwaka 1954, nayo huwakataza wafuasi kudhuru.

Gardner alitaka mtu apokewe kundini. Kwa kijana aliye pekee, hapana budi kuanza na Mmarekani Scott Cunningham, ambaye *Wicca: A Guide for the Solitary Practitioner*, cha mwaka 1988, kiliandikwa kwa ajili ya asiye na kundi. Lugha yake ni nyepesi, wala hakimtaki msomaji awe chini ya mwalimu yeyote. Kwangu mimi hilo ndilo kubwa. Hatari ya kijana mpweke si mshumaa wala mwezi mpevu. Ni mtu mzima ajitokezaye kumfundisha, kisha akadai fedha, siri, au mwili wake.

Baadaye mpatie *The Triumph of the Moon* cha mwanahistoria Ronald Hutton, 1999. Ni kinene, tena si cha ibada, lakini chaonyesha kuwa dini hii ni zao la karne ya 20, wala si urithi usiokatika tangu enzi za kale. Ama kitabu kimwahidicho kumpata ampendaye kwa usiku saba, kirudisheni dukani.