Presha Isiyodhibitiwa Hufika Hadi Machoni

Mtu huamka asubuhi akakuta jicho moja limejaa ukungu. Haliumi, wala halijawa jekundu. Wengi hununua dawa ya matone dukani na kusubiri, na kusubiri huko ndiko kunakowapotezea uoni.

Nyuma ya jicho ipo retina, utando unaopokea mwanga. Ateri na vena zake hupishana zikiwa zimebanana ndani ya ala moja. Presha ya muda mrefu huikakamaza ateri, nayo huikandamiza vena hadi damu iliyomo igande. Damu ikikosa njia ya kurudi, majimaji huvuja na kuvimbisha makula, sehemu ndogo ya katikati tunayoitegemea kusoma na kutambua nyuso za watu. Retina iliyokosa oksijeni hutoa protini iitwayo VEGF, inayozidisha uvujaji huo.

Tiba ipo: sindano ya kuzuia VEGF ndani ya jicho, kwa kawaida kila mwezi mwanzoni. Bevacizumab, dawa iliyoanza kama tiba ya saratani ya utumbo mpana, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa matumizi ya macho tangu 2013, na ni nafuu kuliko nyingine za aina yake. Lakini nauli ya kwenda hospitalini Moshi au Dar es Salaam kila mwezi humshinda mkulima.

Tunaitaka Wizara ya Afya iingize uchunguzi wa retina katika kliniki zote za presha na kisukari, na bima zigharamie mfululizo mzima wa sindano.