Kabati la Vitabu Limefunguliwa: Tusome, Lakini kwa Uangalifu

  Huku kwetu Mafia upepo wa kusi umeanza kuvuma, vyombo vya kutoka Nyamisati vinachelewa, na bei ya nyanya sokoni Kilindoni imepanda. Hata hivyo tunashukuru, kwani tu wazima.

Mwezi huu tungependa kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengine watasema si la ukurasa wa afya, nalo ni maktaba. Msituharakishe. Mtaona wenyewe jinsi maktaba inavyoweza kuingia mpaka chumba cha kujifungulia.

Usiku ambao hatutausahau

Sisi tulisomea uuguzi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2004, tukiwa bado wageni kazini, tulikuwa zamu ya usiku katika kituo kimoja cha afya ambacho hatutakitaja. Aliletwa mama kijana mwenye mimba ya kwanza, amelazwa ndani ya mashua, ametoka katika moja ya visiwa vidogo. Mavyaa wake alituambia, "Mwanangu nesi, tangu jana analia kichwa, na uso umemvimba. Jioni akaanza kutetemeka na kuuma ulimi." Kilikuwa kifafa cha mimba.

Dawa inayofaa, magnesiamu salfeti, ilikuwapo. Lakini hatukuwahi kuitoa kwa mikono yetu, na ni dawa ambayo ukizidisha kipimo unaweza kumzuia mgonjwa kupumua. Kitabu cha vipimo kilikuwa kimoja tu, tena kimefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda bara. Basi tukatumia dawa tuliyoizoea ya kutuliza degedege. Mama alishikwa tena na kifafa mara mbili kabla ya mkubwa wetu kufika. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Hatuwezi kusema kwa hakika kuwa kitabu kingemwokoa yule mtoto. Lakini tangu siku ile, kila tuonapo kufuli kwenye kabati la vitabu, moyo hutupiga.

Majibu yalikuwapo

Baadaye tulipata nafasi ya kwenda semina Dar es Salaam. Katika maktaba ya chuo kimoja, mtumishi mwema alitukalisha mbele ya kompyuta na kutuuliza, "Dada, unataka kujua nini?" Tukamwambia kifafa cha mimba. Akaandika neno moja la Kiingereza, akabonyeza, na kioo kikajaa majina ya makala.

Moja ilikuwa ya mwaka 1995, katika jarida la Uingereza liitwalo The Lancet. Wanawake 1,687 wenye kifafa cha mimba, kutoka nchi mbalimbali, walitibiwa kwa dawa tofauti ili matokeo yalinganishwe. Waliopewa magnesiamu salfeti walipungukiwa na hatari ya kushikwa tena na kifafa kwa zaidi ya nusu, wakilinganishwa na waliopewa dawa ile ile tuliyoitumia sisi. Makala nyingine ilikuwa ya Juni 2002, katika jarida lilo hilo. Wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, wenye presha ya mimba lakini hawajapata kifafa bado, walichunguzwa, na ikaonekana dawa hiyo inapunguza hatari ya kukipata kwa nusu au zaidi.

Tuliangalia tarehe zile kwa muda mrefu. Makala ya kwanza ilichapishwa miaka tisa kabla ya usiku wetu. Elimu ilikuwapo duniani, ila haikuwa imevuka maji.

Ilivyovuka

Zamani, aliyetaka kujua madaktari wameandika nini juu ya ugonjwa fulani alitegemea orodha nene iliyochapwa Marekani tangu mwaka 1879, iitwayo Index Medicus. Ilifika kwa meli katika maktaba chache kubwa. Mwaka 1964 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilianza kuitengeneza kwa kompyuta, na mwaka 1971 maktaba nyingine zikaweza kuiuliza kompyuta hiyo kwa njia ya simu.

Wakati huohuo mambo mengine yalikuwa yakitengenezwa. Mwaka 1989 Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN kule Geneva, alipendekeza njia ya kuunganisha maandishi yaliyo katika kompyuta mbalimbali, hata ukigusa neno katika ukurasa mmoja, ukurasa mwingine ukufungukie. Mwezi Aprili 1993 CERN ilitangaza kuwa njia hiyo ni ya wote, bila malipo. Haya ndiyo yaliyofungua mlango. Juni 1997 ile orodha ya tiba iliwekwa wazi bure kwa kila mtu duniani, kwa jina la PubMed. Leo ina kumbukumbu za makala zaidi ya milioni 35, na ile ya kuchapwa ilikoma mwaka 2004.

Ila orodha si chakula. Ukishajua makala ipo, bado unataka kuisoma yote, na majarida mengi huuzwa kwa fedha ambazo hata mshahara wa mwezi wa muuguzi hautoshi. Kwa ajili hiyo Shirika la Afya Duniani lilikubaliana na wachapishaji wakubwa sita mwaka 2001, na Januari 2002 mpango uitwao HINARI ukaanza na majarida yapatayo 1,500. Vyuo, hospitali na taasisi za nchi maskini hujiandikisha na kusoma bure au kwa bei ndogo. Tanzania imo katika kundi la kusoma bure. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na binti anayesomea uganga au uuguzi, mwulize kama chuo chake kimejiandikisha. Wengine wana ufunguo mfukoni na hawajui.

Usione vyaelea, vimeundwa. Mawasiliano yetu zamani yalitegemea setilaiti na yalikuwa ghali mno. Mwaka 2009 mkonga wa SEACOM uliopita chini ya Bahari ya Hindi ulifika Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata mwingine uitwao EASSy. Tarehe 12 Mei 2024 mikonga yote miwili ilipata hitilafu, na intaneti ikadorora karibu nchi nzima. Hapo ndipo wengi walipotambua kuwa maktaba yao ya simu inapita ndani ya bahari, kama mashua zetu. Kwa sababu hiyo sisi, mpaka leo, tunabandika karatasi ya vipimo ukutani. Haihitaji bando wala ufunguo.

Na mama asiye muuguzi je?

Msidhani haya ni ya wenye vyeti tu. Mwezi Novemba 2012 Wizara ya Afya na washirika wake walianzisha kampeni ya Wazazi Nipendeni. Mama mjamzito, au baba mwenye kumjali mkewe, alituma neno "mtoto" kwenda namba 15001, kisha akapokea ujumbe wa bure kwa Kiswahili kulingana na umri wa mimba: lini aende kliniki, ajikinge vipi na malaria, ajiandae vipi kujifungua. Haikuhitaji intaneti wala simu ya gharama. Hilo lilikuwa jambo la maana, kwani katika nyumba nyingi simu ni ya baba, na mama huiazima jioni.

Kile kitabu mashuhuri cha David Werner, Mahali Pasipo na Daktari, kilichoanzia katika vijiji vya milimani Mexico na kutoka kwa Kihispania mwanzoni mwa miaka ya 1970, nacho sasa kinasomeka bure katika mtandao wa wachapishaji wake. Na kwa wenye watoto shuleni, Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake mtandao. Mtoto wa Jibondo anaweza kusoma kitabu kilekile cha mtoto wa Dar es Salaam, mradi mnara usome na bando lisiishe.

Bahari ina samaki, ina na miamba

Elimu ni bahari, wahenga walisema. Sisi wa Mafia tunajua kuwa bahari haileti samaki peke yake. Februari 2024, wakati wa kampeni ya chanjo ya surua na rubela kwa watoto wa chini ya miaka mitano, alitufuata mama mmoja kijana baada ya kikundi chetu cha akina mama kanisani. Alikuwa amembeba mwanawe mgongoni.

"Shikamoo mama. Mimi wangu simchanji."

"Marahaba mwanangu. Kwa nini?"

"Nimesoma kwenye simu. Daktari wa Ulaya ameandika kuwa chanjo ya surua inaleta usonji."

Hatukumgombeza. Kuuliza si ujinga, na yeye alikuwa amesoma kwa kumpenda mwanawe. Tukakaa naye benchini, tukafungua simu, tukaitafuta makala yenyewe.

Ni kweli iliandikwa. Ilitoka Februari 1998, tena katika jarida lilelile la The Lancet, na aliyeiongoza ni daktari Mwingereza Andrew Wakefield. Ilihusu watoto 12 tu, na chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Baadaye ikagundulika kuwa alikuwa amelipwa fedha kwa kazi ya mawakili waliotaka kuwashitaki watengenezaji wa chanjo, na kwamba watoto hawakuchaguliwa kama alivyoeleza. Mwaka 2004 wenzake kumi kati ya walioiandika walijitoa katika maelezo yale. Februari 2010 jarida likaifuta makala yote, na Mei mwaka huo Wakefield akaondolewa katika orodha ya madaktari wa Uingereza. Huko Denmark walichunguzwa watoto zaidi ya 650,000, matokeo yakatolewa mwaka 2019, na chanjo haikuonekana kuongeza usonji hata kidogo.

Tulimwonyesha kwa kidole. Katika maktaba, makala ile ipo hadi leo, lakini juu yake limeandikwa neno jekundu kuwa imefutwa. Katika ujumbe aliotumiwa, neno lile halikuwapo.

Akina mama, hapo ndipo ulipo mpaka kati ya maktaba na uvumi. Maktaba nayo inaweza kuwa na kosa, lakini huliweka kosa pamoja na sahihisho lake. Uvumi huchukua kosa ukaacha sahihisho nyuma. Ndiyo maana jarida lile lile lililotufundisha dawa ya kifafa cha mimba ndilo lililochapa makala hii mbaya, na bado tunaliamini: lilikubali kukosoa lililolichapa, mbele ya watu wote, ingawa kwa kuchelewa sana.

Yule mama alinyamaza, akaifungua khanga, akampakata mtoto. Kesho yake tulimwona kwenye foleni ya chanjo. Lakini tunajua wapo wengine waliopata ujumbe ule ule na hawakutufuata kuuliza.

Mambo ya kuzingatia

Unapoletewa habari ya afya kwenye simu, jiulize haya:

1. Nani ameandika? Kama jina halipo, au ni "daktari mmoja", usimpe mtoto wako dawa yake.

2. Lini? Dawa iliyofaa miaka 20 iliyopita huenda imeachwa. Tafuta tarehe kama unavyoitafuta kwenye kopo la maziwa.

3. Je, mwisho wa habari anauza kitu? Akianza kwa kukutisha na kumaliza kwa namba ya kulipia, huyo ni mchuuzi.

4. Je, wengine wanasema hivyo? Linganisha na Wizara ya Afya, Shirika la Afya Duniani, au muuguzi wa zahanati yako. Usione haya kutuuliza. Nasi tusione haya kusema, "Ngoja nitazame."

5. Usisambaze usichokihakiki. Mama anayemwamini shoga yake huenda asiulize tena.

Na la mwisho ni kubwa kuliko yote. Mjamzito akiumwa sana kichwa, akiona maluweluwe, akivimba uso na mikono, au akiumwa tumbo upande wa juu, asikae kusoma simu wala asingoje asubuhi. Aletwe kituoni mara moja, hata kama bahari imechafuka kiasi na nahodha ananung'unika. Kipimo cha presha hakimo ndani ya simu.

Karatasi yetu ya ukutani sasa imechakaa, na wiki hii tutaiandika upya kwa wino mweusi. Nawe, msomaji wetu, andika dalili hizo nne, uzibandike jikoni pale ambapo mkweo, binti yako na mumeo wataziona.