UKURASA WA AFYA: Ini, uyoga wa kopo na uji wa usiku



Juzi baada ya masomo ya jioni mama mmoja alinijia na kopo mkononi. Akasema, "Mwalimu, wewe unasoma Kizungu, nisomee hii." Vilikuwa vidonge vya uyoga, amevinunua Kamembe. Muuzaji alimwambia eti vinasafisha ini na kurudisha nguvu. Mzee wake ana ugonjwa wa ini, anachoka sana, tumbo limeanza kuvimba. Ili apate kopo lile, mama aliuza unga na maharagwe ya nyumbani.

Nilimsomea. Halafu nikauliza muuguzi na kutafuta zaidi, na haya ndiyo niliyopata.

Ini ni kama mama wa nyumba siku ya posho. Tukila, sukari ya chakula inapita kwake. Nyingine anaigawa palepale, nyingine anaiweka akiba, kwa mtu mzima mwenye afya kama gramu 100 hivi. Usiku tukilala anaitoa kidogo kidogo ili ubongo usikose. Sasa ini likiwa gonjwa na gumu, ghala lake linakuwa dogo. Usiku mmoja bila chakula, mwili wa mgonjwa huyo unakuwa kama wa mtu mzima wa afya aliyefunga siku mbili au tatu. Mwili unaanza kula nyama yake wenyewe. Ndiyo maana mzee anaamka hana nguvu.

Na uyoga je? Jina lake ni Ganoderma, Wachina wanauita lingzhi, na wameutumia kama dawa tangu zamani sana. Mwaka 2015 wataalamu wa Taiwan waliandika kwamba waliwapa panya maji ya uyoga huu, na panya wakapungua unene. Lakini jamani, panya hao walikuwa wamenoneshwa kwa mafuta! Mzee wetu amekonda, hana unene wa kupunguza. Kwa watu, haijathibitishwa kwamba vidonge hivi vinaponya ini. Tena mwaka 2004 madaktari wa Hong Kong, na mwaka 2007 wa Thailand, waliandika habari za wagonjwa walioharibika ini baada ya kutumia unga wa uyoga huo. Yule wa Thailand alikufa. Wagonjwa wachache hawatoshi kuhukumu dawa, lakini mwenye ini gonjwa asijaribu bila kumwambia daktari.

Basi tufanye nini?

Kwanza, kupima damu. Homa ya ini aina ya C inapona kwa vidonge, mara nyingi vya wiki 12, na Desemba 2018 Rwanda ilianza mpango wa kuimaliza nchini. Aina ya B ina dawa za kuituliza, na chanjo yake wanapewa watoto hapa Rwanda tangu 2002. Tusikose siku za chanjo.

Pili, pombe iachwe kabisa, hata ile ya ndizi.

Tatu, mgonjwa asikae na njaa. Ale kidogo kidogo mara nyingi, na kabla ya kulala apate kitu: uji, kiazi, ndizi. Maharagwe pia asinyimwe. Wengine wanadhani kufunga kunapumzisha ini. Siyo! Uyoga wa sokoni, ule wa mboga, tuupike tule, ni chakula kizuri.

Mnaona sasa kilichoniuma? Unga ule uliouzwa ndio uliokuwa dawa ya usiku. Mama hakukosea kwa ubaya, alimpenda mzee wake, na muuzaji alijua kusema. Nani kati yetu asingefanya vile?

Alirudi sokoni kurudisha kopo, muuzaji akakataa. Mzee amepelekwa kupimwa, tunangoja majibu. Majirani wawili wamepanga zamu, kila jioni mmoja anapeleka kikombe cha uji. Mwenye nafasi ajiunge nao, zamu ya Jumapili bado haina mtu.

Kama nawe umeuziwa dawa usiyoielewa, ilete darasani kabla ya kuimeza, tuisome pamoja, kisha twende kwa muuguzi.

Tuonane mwezi ujao.

Mwalimu wenu wa kujitolea